Kuku Mama na Vifaranga Wake: Tulinde Kwanza, Tuongeze Baadaye



Ombi linalofika mezani petu mara nyingi kuliko mengine yote ni fupi: "Tunaomba tuongezewe kuku." Linatoka kwa vikundi vya akina mama, vya vijana, vya wazee na vya walezi wa yatima. Ni ombi jema. Kuku wa kienyeji ni mfugo wa mtu mwenye kipato kidogo. Hahitaji shamba wala mchungaji, na mama wa nyumbani anaweza kumwuza asubuhi ili mchana mtoto apate daftari au mgonjwa apate nauli ya kwenda zahanati. Hapa kanda ya kati, hasa Singida na Dodoma, kuku wa kienyeji ni biashara inayofahamika, na matenga ya kuku yanayopakiwa kwenye magari kwenda Dar es Salaam si jambo geni kwa yeyote.

Hata hivyo, baada ya kutembelea vikundi vingi tumejifunza jambo moja ambalo tunapenda kuwashirikisha. Kikundi kinachoomba kuongezewa kuku mara nyingi hakina upungufu wa kuku wanaotaga. Kina upungufu wa vifaranga wanaofikia kuwa kuku. Tukiongeza kuku kabla ya kulinda vifaranga, tunawalisha mwewe.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini vifaranga wengi hufa, jinsi ya kuwalea pamoja na mama yao, na jinsi ya kuwalinda dhidi ya maadui kwa vifaa vinavyopatikana kijijini. Mwishoni tumeweka maswali ambayo kamati ya parokia inaweza kuyajadili kabla ya kuandika ombi jipya.

KOSA LETU WENYEWE

Tuanze kwa kukiri. Miaka ya mwanzo ya mradi wetu, fomu ya taarifa ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza kuhusu kuku: "Idadi ya kuku waliogawiwa." Tuliijaza vizuri, tukaituma kwa wafadhili, na kila mmoja akaridhika.

Mwaka uliofuata mfadhili mmoja alikuja kututembelea. Katika nyumba ya kwanza alikuta tetea wawili na jogoo mmoja, wale wale tuliowagawa. Akauliza kwa upole, "Na watoto wao wako wapi?" Mama mwenye nyumba hakujibu kwa maneno. Alinyoosha mkono kuelekea mbuyu ulio nyuma ya nyumba, ambako mwewe alikuwa ametua. Baadaye alitueleza kwamba kuku wake walikuwa wametotoa vizuri kila mara, lakini vifaranga walikuwa wakipungua mmoja mmoja, leo mwewe, kesho nguchiro, keshokutwa mvua, mpaka anabaki mama peke yake.

Mama yule hakuwa mvivu. Alikuwa amefuata yote tuliyomfundisha. Kasoro ilikuwa kwetu, kwa sababu hatukumfundisha neno hata moja kuhusu kifaranga. Tangu siku hiyo tulibadili fomu yetu, na hatimaye tukabadili mradi wenyewe.

HESABU YA KUKU MMOJA

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 katika mzunguko mmoja, kisha huatamia kwa siku 21. Akiachwa alee kwa desturi, hukaa na vifaranga wake miezi miwili hadi mitatu kabla ya kurudi kutaga. Kwa sababu hiyo, kwa mwaka hupata mizunguko mitatu, mara chache minne.

Tafiti kutoka nchi mbalimbali za Afrika zinakubaliana kwamba kuku wanapoachwa huru bila ulinzi, mara nyingi zaidi ya nusu ya vifaranga hufa kabla ya kufikisha wiki nane. Sehemu kubwa ya vifo hivyo hutokea katika wiki nne za kwanza.

Tuchukue mfano rahisi. Kuku ameatamia mayai 12, akatotoa vifaranga 10. Katika nyumba ya kwanza vifaranga wanaachwa watembee na mama yao tangu siku ya kwanza, na wanabaki 3. Katika nyumba ya pili wanalindwa wiki nne za kwanza, na wanabaki 7. Kwa mizunguko mitatu nyumba ya kwanza inapata kuku 9, na nyumba ya pili inapata kuku 21. Tofauti ni kuku 12 kwa mwaka, kutoka kwa mama mmoja wa aina ile ile, aliyetaga idadi ile ile ya mayai. Hakuna aliyenunuliwa.

Mfano huu ni wa hesabu tu, na kila kijiji kitakuwa na idadi zake. Lakini unaonyesha mahali fedha ya mradi inapoweza kuzaa zaidi.

KIFARANGA ANAKUFA KWA SABABU GANI?

Wafugaji wengi hutaja mwewe kwanza, kwa sababu mwewe anaonekana. Kwa kweli sababu ni nne, nazo husaidiana.

Ya kwanza ni baridi na unyevu. Kifaranga wa siku moja hawezi kutunza joto la mwili wake. Anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi katika wiki ya kwanza, na joto hilo analipata chini ya mbawa za mama yake. Akitembezwa kwenye umande wa asubuhi au akinyeshewa, hupoa haraka na kufa.

Ya pili ni njaa. Kifaranga huzaliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni inayoweza kumtunza kwa siku mbili hivi. Baada ya hapo lazima ale chakula laini chenye lishe. Akichanganyika na kuku wakubwa, wakubwa humaliza chakula chote.

Ya tatu ni maadui, yaani wanyama na ndege wanaomla.

Ya nne ni magonjwa, hasa mdondo ambao wengine huuita kideri, pamoja na ndui na kuhara damu.

Kifaranga mwenye njaa hutembea mbali kutafuta chakula, na akiwa mbali na mama ndipo mwewe humchukua. Kifaranga aliyepoa hubaki nyuma, na nguchiro huanza na yule wa nyuma. Kwa hiyo anayelisha vifaranga vizuri tayari ameanza kuwakinga na mwewe.

MAMA HANA MBADALA WA BEI NAFUU

Baadhi ya vikundi hutuomba mashine za kutotolesha. Hatuzidharau, lakini mashine inahitaji umeme wa uhakika au mafuta, na kifaranga akishatotolewa bado anahitaji joto kwa wiki kadhaa. Kuku mama hutoa joto hilo bure usiku na mchana.

Waswahili husema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Ni kweli, kuchakura anazaliwa nako. Lakini mama humwonyesha kipi cha kula. Tazameni jinsi anavyookota punje, akaiachia chini na kuita kwa sauti ya kukatakata. Mwewe akionekana, sauti hubadilika mara moja, na vifaranga wote hukimbilia chini ya mbawa. Bwana wetu alipotaka kueleza huruma yake kwa Yerusalemu alichagua mfano wa kuku huyu akusanyaye vifaranga wake, na kila aliyefuga kuku anaelewa kwa nini.

Kwa hiyo kazi yetu ni kumpa mama nafasi ya kufanya kazi yake mahali salama.

MAANDALIZI KABLA YA KUATAMIA

Malezi mazuri huanza kabla yai halijapasuka. Tunashauri yafuatayo:

1. Chagueni kuku mwenye historia nzuri ya kuatamia na kulea, mwenye mwili mkubwa wa kufunika mayai 10 hadi 13. Kuku mdogo apewe mayai machache zaidi.

2. Wekeni mayai safi, yasiyo na nyufa, yaliyotagwa si zaidi ya siku 10 hadi 14 zilizopita. Yatunzwe mahali penye ubaridi, sehemu iliyochongoka ikiwa chini.

3. Kiota kiwe mahali pakavu, penye giza kidogo na utulivu. Wekeni majani makavu na nyunyizeni majivu chini ili kupunguza utitiri na chawa. Kuku anayeumwa na utitiri huacha mayai.

4. Wekeni maji na chakula karibu na kiota, kwa kuwa kuku anayeatamia hutoka muda mfupi tu kwa siku.

5. Siku ya 7, yapimeni mayai usiku kwa tochi. Yai lenye mishipa ya damu ndani lina uhai. Yai lililo wazi kabisa halina kifaranga, liondoeni.

Kikundi chenye kuku wengi kinaweza kufanya waatamie kwa pamoja. Kuku wa kwanza akianza kulalia, apewe mayai mawili matatu ya kumshikilia. Mwenzake akiwa tayari, wote wawekewe mayai mapya siku moja. Vifaranga watatoka pamoja, na kuwalinda, kuwalisha na kuwachanja itakuwa kazi moja badala ya kazi tatu. Pia mama mmoja anaweza kupewa vifaranga wa mwenzake, mradi wawe wa umri mmoja na waingizwe usiku chini ya mbawa zake. Mama aliyebaki bila watoto hurudi kutaga mapema.

WIKI NNE ZA TENGA

Chombo tunachokipendekeza ni tenga la kusukwa kwa fito au mianzi, lenye umbo la kawa, kubwa kuliko yale ya kusafirishia kuku. Upana wa mita moja hivi na kimo cha nusu mita vinamtosha mama mmoja na watoto wake kwa siku za mwanzo. Nafasi kati ya fito ziwe nyembamba, kifaranga asipite wala nguchiro asiingize mkono. Mahali ambapo mianzi ni adimu, fremu ya mbao na wavu wenye matundu madogo hufanya kazi ile ile.

Wiki ya kwanza. Mama na vifaranga wakae ndani muda wote. Sakafu iwe na maranda au majani makavu, na ibadilishwe ikilowa. Maji yawekwe kwenye kisahani kifupi chenye kokoto safi ndani, ili kifaranga anywe bila kutumbukia. Chakula kitolewe kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku.

Wiki ya pili na ya tatu. Umande ukishakauka, tenga litolewe nje na kuwekwa kwenye majani mafupi, nusu kivulini. Lihamishwe kila siku mahali pasafi, kwa sababu kinyesi kilichorundikana na unyevu ndivyo vinavyoleta kuhara damu. Tenga liwekewe jiwe juu au lifungwe kwenye kigingi, mbwa asiligeuze. Jioni wote warudi ndani.

Wiki ya nne. Mama na vifaranga waachiwe saa chache za alasiri wakiwa karibu na nyumba na kukiwa na mtu wa kuangalia. Vifaranga sasa wana manyoya ya mbawa, wanakimbia vizuri na wameshajifunza wito wa mama.

Baada ya hapo, tenga halijamaliza kazi. Liinueni kidogo kwa mawe ili vifaranga waweze kupita chini na kuku wakubwa wasiweze. Chakula kikiwekwa ndani yake, vifaranga watakula wenyewe bila kunyang'anywa. Kwa njia hii chakula kidogo kinawafikia wanaokihitaji.

KUWAFAHAMU MAADUI

Kila adui ana saa yake na njia yake. Kamati ikijua ni nani anayeshambulia, haitapoteza fedha kwa kinga isiyohusika.

Mwewe na kipanga huja mchana. Hushuka kutoka juu, humchukua kifaranga mmoja na kuondoka bila kuacha alama. Kinga ya kweli ni paa: tenga, wavu, au kivuli kizito. Tunahimiza kila nyumba kupanda vichaka vifupi au kuacha marundo ya matawi yenye miiba uani, mahali ambapo vifaranga wanaweza kujificha. Wafugaji wengine huning'iniza vitu vinavyong'aa, na wengine hupaka vifaranga rangi. Mbinu hizo zinaweza kumshtua ndege kwa siku chache, lakini akizoea hurudi. Zisitegemewe peke yake.

Kunguru nao huja mchana, mara nyingi kwa kundi. Wasomaji wetu wa Pwani na Dar es Salaam wanamjua vizuri kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19. Huiba mayai na vifaranga wadogo hata mlangoni. Kwake pia tenga lililofunikwa ndilo dawa.

Nguchiro huja mchana, kwa kupita ardhini kwenye majani marefu. Fyekeni majani kuzunguka banda kwa hatua kadhaa ili asipate pa kujificha. Kenge naye hupenda mayai na vifaranga, hasa karibu na mito na mabwawa.

Kicheche, fungo na paka wa mwituni huja usiku. Mkikuta kuku kadhaa wameuawa kwa mara moja, au banda limechimbwa chini, wahusika mara nyingi ni hawa. Banda liwe na mlango unaofungwa vizuri, na chini ya kuta pazungushiwe mawe. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo kwa kimo cha nusu mita hadi mita moja ni salama zaidi, mradi vifaranga wawekwe ndani ya kapu au boksi lenye matandiko ili wasipitwe na baridi kutoka chini.

Panya na nyoka hupita kwenye tundu dogo. Panya huvutwa na chakula kilichobaki, na nyoka huvutwa na panya. Ondoeni mabaki ya chakula kila jioni na zibeni matundu.

Siafu wasisahaulike. Wakiingia usiku huweza kuua vifaranga wote pamoja na mama aliye kwenye mayai, kwa sababu yeye hawezi kukimbia. Zungushieni majivu makavu kuzunguka banda, na nguzo za banda la juu zipakwe grisi au oili chafu.

Mwisho ni mbwa na paka wa nyumbani. Mtoto wa mbwa akuzwe pamoja na kuku na akanywe mapema.

Tunaomba sana jambo moja: msitumie sumu. Nyama iliyotiwa sumu kwa ajili ya kicheche huliwa na mbwa wa jirani, na inaweza kuokotwa na mtoto. Zaidi ya hayo, mwewe na wanyama hawa hula pia panya wanaomaliza mahindi yetu ghalani. Kumzuia adui kunatosha.

CHANJO: ADUI ASIYEONEKANA

Ulinzi wote tulioueleza unaweza kupotea kwa wiki moja kama mdondo ukiingia kijijini. Ugonjwa huu hauna tiba, na unaweza kuua karibu kuku wote wa nyumba isiyochanja. Habari njema ni kwamba kinga ipo na si ghali.

Chanjo inayofaa zaidi vijijini inaitwa I-2. Ilianzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, na inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hapa nchini huzalishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Hutolewa kwa tone moja kwenye jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Vifaranga waliototolewa baada ya zoezi moja wasubiri zoezi linalofuata, au wachanjwe mapema kama mtaalamu atakavyoshauri.

Kuvumilia joto hakuna maana ya kuachwa juani. Kichupa kibebwe kwenye chombo chenye ubaridi, na kikishafunguliwa kitumike kwa muda ulioandikwa kwenye maelekezo yake. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo. Kwa kuwa kichupa kimoja huhudumia kuku wengi, nyumba moja ikinunua peke yake hupata hasara, lakini kigango kizima kikipanga siku moja, gharama kwa kila kuku inakuwa ndogo sana. Hapa ndipo kamati ya parokia ina nguvu ambayo mfugaji mmoja hana: inaweza kutangaza siku, kukusanya michango na kumwita afisa mifugo.

Ulizeni pia kuhusu chanjo ya ndui, ambayo huchomwa kwenye bawa.

NANI ATAWALISHA?

Hapa tunafika kwenye swali gumu, na hatutaki kulikwepa. Kuku aliye chini ya tenga hawezi kujitafutia. Lazima alishwe. Mama mmoja wa kikundi alituambia waziwazi: "Mwezi wa pili watoto wangu wenyewe wanakula mlo mmoja. Mnataka nimwage chenga kwa vifaranga?" Hatukuwa na haki ya kumkemea. Ushauri unaomlazimisha mtu kuchagua kati ya mtoto na kifaranga si ushauri.

Tangu hapo tumeongeza mambo matatu katika mafunzo yetu.

Kwanza, kupanga majira. Nyumba isiyo na akiba isiatamishe kuku katika miezi ya njaa. Mayai ya wakati huo yaliwe na watoto au yauzwe. Kuku waatamie wakati wa mavuno na baada yake, kuanzia mwezi wa tano, ambapo chenga na pumba zinapatikana na ardhi ni kavu.

Pili, kutumia kisichokuwa chakula cha watu. Mchwa ni chakula bora kwa vifaranga. Jazeni chungu kikuukuu kwa mabua makavu na kinyesi cha ng'ombe, kiloweni kwa maji, kisha kifunikeni kichwa chini juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi na mapema mtakuta mchwa wamejaa. Majani ya mchicha na mlonge yaliyokatwakatwa, pamoja na mashudu ya alizeti ambayo yanapatikana kwa wingi hapa kanda ya kati, huongezea lishe. Dagaa waliosagwa kidogo, wakipatikana, ni nyongeza nzuri. Nafaka yenye ukungu isitolewe kabisa, kwa kuwa ina sumu.

Tatu, kufupisha muda. Vifaranga 10 wa wiki ya kwanza hula kiasi kidogo sana. Gharama ni kubwa kwa mama yao kuliko kwao. Ikiwa nyumba haiwezi wiki nne, basi wiki mbili za tenga ni bora kuliko kutofanya kabisa.

KUMRUDISHA MAMA KUTAGA

Vifaranga wakishafikisha wiki nne, na kama kuna banda la joto na chakula, mama anaweza kutengwa nao. Apelekwe mbali, asisikie sauti zao. Baada ya muda mfupi atarudi kwa jogoo na kuanza kutaga, badala ya kusubiri miezi miwili au mitatu. Hivyo huweza kupata mzunguko wa nne, hata wa tano, kwa mwaka.

Lakini tunatoa angalizo. Msimtenge mama katika majira ya baridi ya mwezi wa sita na wa saba kama vifaranga hawana pa kujikinga usiku. Na kuku anayetotoa mara nyingi anahitaji kula vizuri zaidi, la sivyo atadhoofika. Tunapendelea kikundi kianze kwa kulinda vifaranga mwaka mzima, ndipo kijaribu hatua hii.

DAFTARI NA MASWALI YA KAMATI

Tunaomba kila kikundi kiwe na daftari lenye nafasi sita: tarehe ya kuatamia, idadi ya mayai, waliototolewa, waliobaki wiki ya nne, waliobaki wiki ya nane, na sababu ya waliopotea. Asiyejua kuandika aweke kokoto kwenye kibuyu na kutoa moja kila kifaranga anapopotea. Hesabu hiyo inatosha.

Kabla ya kuandika ombi la kuku wapya, kamati ijiulize:

1. Katika miezi sita iliyopita vifaranga wangapi walitotolewa, na wangapi wako hai?

2. Je, tunamjua adui mkuu katika kigango chetu, na saa anayokuja?

3. Nyumba ngapi zina tenga? Ni nani kijijini anajua kusuka, na je, anaweza kuwafundisha vijana?

4. Siku ya chanjo ya mwisho ilikuwa lini, na ijayo ni lini?

5. Nyumba zipi haziwezi kulisha vifaranga katika miezi ya njaa, na tunazisaidiaje?

Kamati itakayojibu maswali haya kwa idadi kamili, ombi lake litasomwa kwanza. Na mara nyingine itagundua kwamba haihitaji kuku tena, bali fito, wavu kidogo na mchango wa chanjo.

Kwa wafadhili wetu wapendwa tuna neno pia. Picha ya mama akipokea kuku watano ni nzuri kuliko picha ya tenga tupu. Tunaelewa. Lakini tunawaomba mtuulize swali lile tuliloulizwa siku ile chini ya mbuyu: na watoto wao wako wapi? Mkituuliza hivyo kila mwaka, mtakuwa mmetusaidia kuliko mnavyodhani.

Na yule mama tuliyemtaja mwanzoni? Hatukumpa kuku mwingine. Kijana wa jirani alimsukia tenga, na kikundi chake kikaanza siku ya chanjo. Tulipopita tena, mwewe alikuwa bado juu ya mbuyu. Chini ya tenga mama kuku alikuwa akiita, na vifaranga tuliowahesabu walikuwa wanane. Mwenye nyumba alituambia, "Kumi walitoka. Wawili najua walivyokufa. Nimeandika."